Abdallah Tunayemtafuta Thika

Majengo, Thika

Kwako Dada Rukia,

Assalamu alaikum. Kabla hata sijauliza kifua cha Mama kinaendeleaje, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: nimewapata watu wa kwao Babu Juma, na Baba sitamwambia.

Unajua kilichonitoa Voi. Chuo cha uuguzi hakinipokei bila kitambulisho, na ofisini wanataka kujua babu alizaliwa wapi. Kipande chake, kile kitambulisho cha enzi za ukoloni, kinasema Juma bin Abdallah, Mswahili. Karani akauliza, "Huyo Abdallah naye alitoka wapi?" Shangazi, ninayekaa kwake hapa, nikimuuliza huendelea kuchagua mchele. "Sisi ni watu wa Majengo, basi." Nikaanza kumshuku.

Nikamwendea mzee anayeadhini msikitini. Alicheka mpaka akakohoa.

"Binti, utamtafuta Abdallah mpaka uzeeke! Kila aliyesilimu hapa aliandikwa bin Abdallah, maana baba yake hakuwa Mwislamu. Hata mimi ni bin Abdallah. Babu yako alikuwa Mkikuyu wa Murera, mtoto wa Karanja."

Nilimdanganya Shangazi kwamba naenda Ruiru kuulizia kazi, nikaenda Murera. Mdogo wake Babu yuko hai. Aliniona langoni na mtandio wangu, asinikaribishe.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, Guka." Nilimwita babu kwa Kikuyu, labda moyo ungelainika.

"Hii shamba tulishagawanya. Baba yako ako na vijana wangapi?"

Mkewe akatoka jikoni, akanishika kidevu, akamgeukia mumewe. "Ngai! Si huyu ni mama yako mtupu!"

"Wewe, rudi kwa sufuria zako."

Nikamwambia nataka kitambulisho tu, si shamba. Kwa nini ahesabu kaka zetu? Mwishowe akasema ataapa kwa naibu wa chifu kwamba Juma ni ndugu yake wa tumbo moja. "Wewe ni msichana, utaolewa uende. Lakini nikiona baba yako hapa, ama kijana wake, narudi kwa chifu niseme sikujui."

Nikakubali. Nilikubali haraka mno, Dada, na hilo ndilo linalonisumbua. Jirani akifa na kusafirishwa kwao, Baba husema yeye hana kwao pa kupelekwa. Sasa najua kwao ni wapi, nami nimenyamaza kwa ajili ya kitambulisho.

Mzee wa Murera ameshaapa, na karatasi nimeipeleka, ila kitambulisho hakijatoka. Mzee yule simwamini. Nahisi anangoja sababu tu ya kunikana. Shangazi pia simwamini. Bahasha yako ya mwisho ilikuwa na gundi mpya, kwa hiyo ukijibu usitaje Murera.

Mpe Mama pole yangu, umsalimie shemeji fundi cherehani na kaka zetu. Baba mwamkie kwa heshima, lakini siku utakayosoma hii usikae naye karibu, maana anakusoma usoni. Nakuomba, Dada, iishie kwako.

Mdogo wako,
Saumu