Kiatu Kwenye Msumari

Jumatatu, 1 Septemba

Nimefuta spana zote kwa dizeli. Ndogo kushoto, kubwa kulia, kila moja ndani ya mfuko wake kwenye kitambaa nilichoshona mwenyewe. Kila moja nimeipaka tone la rangi ya kucha, nyekundu. Wanaume wa gereji wanacheka. Wacheke. Hakuna atakayeniambia spana yenye rangi ya kucha ni ya kwake.

Nilizikusanya moja moja kwa wauza vyuma hapa Mbarara. Mahindi ya mama kule kambini Rubondo yote yameuzwa, yameingia ndani ya sanduku hili la vyombo. Noeli tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta.

Leo bosi Tumwine ametangaza. Fundi wa kona anarudi kwao Kabale. Fasi yake, ile kona chini ya mabati, itakuwa yangu au ya Désiré. "Tarehe kumi na tano mimi naangalia sanduku," akasema. "Sanduku iko na shimo, spana moja haiko, huyo hapana fundi." Atakayepata kona atakuwa na wateja wake. Atakayekosa ataosha injini za watu mpaka azeeke.

Naitaka kona ile.

Jumatano, 3 Septemba

Désiré ni Mrundi, jirani yetu Rubondo. Tulikuja kujifunza pamoja. Ana mkono mzuri kuliko mimi, anasikiliza injini mara moja tu na kukuambia ugonjwa. Naandika hapa kwa sababu mdomoni sitasema. Lakini vyombo vyake anamwazimisha kila anayepita, havirudi, halafu anakuja kwangu na meno nje. "Dada Furaha, nisaidie kidogo."

Hapa ukiazima unaacha kiatu. Kinakaa fasi ya spana mpaka uirudishe. Sheria sikuileta mimi, niliikuta. Wengine wanaifanya mchezo, wanakurudishia kiatu kabla hujamaliza kazi. Mimi sichezi.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku mbaya kabisa.

Asubuhi Désiré aliazima spana yangu namba kumi na nne, ya kufungia stata ya pikapu ya maziwa. Akaacha kiatu cha kushoto. Katikati ya kazi bosi akamtuma mjini kuchukua gasketi. Dereva akaanza kupiga kelele maziwa yake yanachacha, ikabidi niingie mimi. Nikakaza stata, nikafunga boneti, akaondoka.

Jioni napanga vyombo. Kumi na nne haipo. Nimetafuta chini ya kila gari, nimetafuta hadi ndani ya ndoo ya oili chafu.

Désiré anasema aliiweka juu ya betri kabla ya kwenda mjini. Eti nitaiona. Mwongo. Anajua tarehe kumi na tano inakuja. Anataka niwe na shimo kama yeye.

Kiatu nimekitundika kwenye msumari, juu, kila mtu akione.

Jumamosi, 6 Septemba

Amekuja na mfuko wa plastiki amefunga mguuni. Tumecheka mpaka machozi. Bosi mwenyewe alicheka. Désiré naye akacheka, mjinga yule.

Baadaye akaja pembeni, ananiomba kwa sauti ndogo. Hana viatu vingine. Nikamwambia lete spana. Akaapa kwa jina la Bikira Maria. Nikamwambia Bikira Maria hafungi stata.

Jumanne, 9 Septemba

Nimezunguka kwa wauza vyuma wote. Kumi na nne iliyopo imelika mdomo, inateleza kwenye nati. Bosi ataitupa jalalani pamoja na mimi.

Mchana Désiré amekanyaga kipande cha springi kilichokatwa. Kimeingia kwenye kisigino, kikavunjikia ndani. Wamekivuta kwa plaizi. Bosi akamwagia petroli, "hiyo ndiyo dawa." Désiré akapiga kelele kama mtoto.

Akasema, "Dada, nipe kiatu sasa, tafadhali." Wote wakanigeukia. Nikasema, "Nipe spana." Nilisema polepole. Ilikuwa tamu mdomoni.

Ijumaa, 12 Septemba

Mguu umevimba, ngozi inang'aa. Unanuka. Anakuja tu, anaogopa asipoonekana bosi atamfuta kazi. Anafanya kazi amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea gari.

Leo bosi amemfukuza. "Nenda kwa daktari, ssebo. Hapa si hospitali." Ameondoka akirukaruka mpaka barabarani. Boda wawili wamekataa kumbeba kwa sababu ya harufu, wa tatu akakubali.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mmoja ametoka. Lakini shimo langu bado liko pale, na Jumatatu inakuja.

Jumatatu, 15 Septemba

Asubuhi nilikuwa peke yangu nafungua geti. Pikapu ya maziwa ikasimama, injini inanguruma. Dereva akatoa mkono dirishani. "Nyabo, chuma yenu hii. Ilikuwa inagonga-gonga chini ya injini tangu siku ile. Ilikwama huko kwa matope."

Kumi na nne. Tone jekundu.

Palepale nikakumbuka. Ilikuwa juu ya betri, kama alivyosema. Niliichukua mimi. Nilikaza stata nayo mimi. Niliilaza juu ya chuma cha injini nikafunga boneti, kwa haraka zangu, kwa kelele za yule dereva.

Nikalishika geti.

Hakuna aliyeona. Nikaiosha, nikaitia kwenye mfuko wake. Bosi alipokuja akapitisha kidole juu ya spana zote, akarudia. "Banange, huyu mwanamke!" Kona ni yangu. Wamenipigia makofi. Hakuna aliyeniuliza kumi na nne imetoka wapi. Walikuwa wamesahau. Kiatu tu kilikuwa bado kinaning'inia.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama amepiga simu kutoka Rubondo. Wamemkata Désiré mguu. Wa kushoto, chini ya goti.

Nimefunga klachi mbili.

Jumapili, 5 Oktoba

Rubondo. Baada ya ibada nilikwenda kwa kina Désiré. Kiatu nilikibeba kwenye mfuko, nimekipiga kiwi. Spana ilikuwa chini yake. Njia yote nilijiambia leo nitasema, hata anitemee mate.

Alikuwa mlangoni na mama yake, wanachambua maharagwe. Suruali ameikunja na kuibana kwa pini. Mama yake akanipa kigoda, akaniita mwanangu. Wengine wa gereji hata mmoja hajafika, akasema. Nikakaa na mfuko magotini kama mchuuzi wa sabuni.

Désiré akauliza, "Spana uliipata, dada?"

Nikasema bado.

Akatazama chini. "Basi kiatu baki nacho. Sheria ni sheria." Hakuwa ananicheka. Akaongeza, "Nawaza sana siku hizi. Labda sikuiweka juu ya betri. Labda niliipoteza mimi. Unisamehe."

Nikasema nimekusamehe. Mdomo wangu huu.

Mama yake akanifungia maharagwe ya kwenda nayo mjini. Nikapokea kwa mikono miwili.

Nimefika Kakiika, hapa Mbarara, kabla ya giza. Nilipitia gereji, nikarudisha kiatu kwenye msumari. Nikafuta spana kwa dizeli. Kumi na nne iko fasi yake. Maharagwe nimeyaloweka, kesho nitapika.