Gesi Inatoka

Jumatano. Mvua haijapumua tangu asubuhi, Wete yote imelowa, ila moyo wangu umekauka kama dagaa.

Naandika hapa kwa sababu nikifungua mdomo nitatukana, na mimi kutukana najua kwa lugha nne.

Wanaonisoma wananijua. Nimepika Mombasa, nimepika Dubai, nimewapikia watu waliokuja na ndege zao wenyewe. Shule niliiachia darasa la sita, lakini jiko la kunishinda lilikuwa halijaundwa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu mpaka nikakodi nyumba hii, ghorofa ya tatu, jengo kongwe, na ndani yake jiko la gesi la mwenye nyumba, lenye umri wa kuitwa babu. Mwenye nyumba ni Mzee Shaame, yuko Unguja. Sharti lake moja: mkaa usiingie, unatia masizi ukutani. Tupikie jiko lake.

Mwezi uliopita likagoma kabisa. Nikampigia. Akauliza, "Gesi inatoka?" Nikamwambia haitoki. Akamtuma mtu wake, akabadilisha mpira wa gesi, akaukaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaondoka anapiga mluzi. Jiko likawaka. Na nyumba ikaanza kunuka.

Juzi nikamwandikia: "Mzee, gesi inatoka."

Akajibu: "Alhamdulillahi. Itumieni kwa salama."

Nikampigia.

"Shikamoo Mzee Shaame. Gesi inatoka kwenye mpira!"

"Marahaba. Sasa weye ulitaka itoke wapi, kwenye bomba la maji?"

"Inatoka nje, mzee wangu!"

"Si ndiyo itoke! Ikibaki mtungini utapikia nini?"

Akakata simu.

Wallahi nilicheka. Neno la kuvuja lilikuwepo, ila kwangu mimi kinachovuja ni paa na ndoo. Nikaenda kuwasimulia watu barazani, wakashika mbavu, nikaongeza chumvi. Kila nikimaliza kupika nafunga mtungi, najiona fundi mkubwa. Mke wangu Mgeni nikamwambia afanye vivyo hivyo, na kabla ya kuwasha afungue madirisha.

Mama yake sikumwambia.

Bi Time, mama mkwe wangu, katoka kwao kisiwani Fundo kuja kukaa kwetu kwa ajili ya kidonda cha mguu. Ana sukari. Hospitali hapa wanamsafisha na kumfunga, na daktari kasema bila kuficha: kidonda kikiachwa, mguu unakatwa. Kwao hana wa kumfanyia kazi hiyo. Mimi ni mtu wa utani, natania mpaka msibani, lakini mkwe hataniwi. Kwake mimi ni shikamoo mama, umeamkaje mama, macho chini, napita. Habari za mpira na tyubu ya baiskeli ningezianzia wapi?

Leo asubuhi kaamka kunipikia uji. Mimi, mkwewe. Kafungua mtungi, kafungua jiko, ndipo akaanza kutafuta kibiriti. Alipokiwasha, moto ukamrukia kwenye ushungi.

Nilifika mlangoni mbio. Ushungi kashauvua, unawaka sakafuni, kichwa chake kiko wazi, mvi zote nje.

Nikageuza uso.

Mtu niliyezima moto wa jiko zima la hoteli, leo nimesimama natazama ukuta kwa haya, mpaka Mgeni alipopita ubavuni mwangu akafunga mtungi na kumwaga ndoo ya maji. Nyusi za mama zimeungua. Mkono umetoka malengelenge.

Baadaye akanisemesha kutoka chumbani, mlango umerudishwa.

"Mwanangu, mguu ukitaka kukatwa na ukatwe. Lakini mie sitochomwa kama muhogo kwenye ghorofa ambayo hata kuishuka nashikiliwa."

Mchana wakapanda boti kurudi Fundo, yeye na Mgeni. Kesho ilikuwa siku yake ya kusafishwa kidonda.

Nimenunua mkaa, nimeuwasha roshani. Kisha nikampigia Mzee Shaame, safari hii kwa neno lililonyooka: gesi inavuja, imemchoma mkwe wangu, na kuanzia leo napikia mkaa. Akasema:

"Mpe pole mama. Sana. Lakini mkaa? Ndani mwangu? Basi nawe mwisho wa mwezi nipishe."

Hakuna aliyecheka.

Alfajiri navuka Fundo. Mgeni nitamwomba radhi, mama nitampigia magoti, na kama ni kumbeba nitambeba, haya nimeiacha pale ukutani. Lazima kesho hiyohiyo afike hospitali. Lakini kidonda cha sukari hakifungi kwa haraka, na mwisho wa mwezi tutakuwa na vyombo vyetu barabarani.

Nikishamleta, nimlaze wapi?