Andiko Mama Limetutoa Kimasomaso

Chumba cha Waandishi,
Ghorofa ya juu ya karakana.
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa Binamu,

Salamu nyingi, tena za mtu mwenye furaha, kwa hiyo zipokee kwa mikono miwili. Hali yako? Kile kifua kimeachia, au bado unakohoa kama pikipiki ya zamani? Sisi huku ni wazima. Shangazi yako magoti yanamsumbua kidogo, ila ulimi haujambo kabisa, na kila siku anauliza kama unakula vizuri.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Tumeshinda. Ile kazi yangu unayoitania kuwa ni kuandika vijitabu vinavyotupwa pamoja na boksi, wiki iliyopita imetutoa kimasomaso.

Unajua tunatengeneza mashine za mvuke za kuulia vijidudu kwenye vifaa vya hospitali. Kila mashine huenda na kijitabu, bango la ukutani, maelekezo ya kwenye simu na ya kusikiliza. Zamani kila kimoja kilikuwa na mtu wake na nakala yake. Mimi nikisahihisha kijitabu, bango halina habari. Ndivyo ilivyotokea: kijitabu kilisema subiri geji ya kupima mvuke isome sifuri ndipo ufungue, bango likasema fungua filimbi ikinyamaza. Muuguzi mmoja alifuata bango, mvuke ukamuunguza mkono. Hospitali ikarudisha mashine zote, na tukaambiwa ikizikataa tena karakana inafungwa. Nililia, Binamu, sikufichi.

Nikaenda kwa mkuu wetu, tunayemwita Simenti kwa sababu akishaganda hageuki. Nikamwambia tuandike mara moja tu, mahali pamoja, maneno matupu bila rangi wala urembo. Kila sentensi tuiwekee alama: hili ni onyo, hii ni hatua, hii ni ya bango. Kisha kompyuta ndiyo itoe kijitabu, bango, simu na sauti kutoka hapo. Tukaliita andiko mama. Simenti aliguna, lakini maji yalishamfika shingoni, akakubali.

Aliyenitoa jasho ni mchoraji wetu wa mabango. Yeye hawezi kuona mstari umekatika vibaya akavumilia. Alikuwa akilirekebisha bango kwa mkono, kimyakimya, na kila tukitoa upya kazi yake yote inafutika. Alininunia hata chai akawa anainywea ngazini. Mwishowe nilimwonyesha jinsi ya kurekebisha kiolezo kinacholipa bango umbo lake, na sasa yeye ndiye askari wetu. Ukigusa nakala iliyokwisha kutoka, utajuta.

Basi Ijumaa mkaguzi wa hospitali akaja, pamoja na muuguzi yule yule. Nilipouona ule mkono, nilimpisha asimame mbele ya bango. Akasoma bango taratibu, akanigeukia.

"Mwandishi, mbona glavu zinakuja mwisho? Nikishafungua, nizivae za nini tena?"

Alisema kweli tupu. Simenti akaanza kuomba wiki mbili za kusahihisha, mazoea yake ya zamani. Nikamkatiza. Nilipandisha hatua ya glavu juu ndani ya andiko mama, nikaiamuru kompyuta itoe. Bango likatoka kwenye printa, kijitabu kikafuata, na mkaguzi alipofungua simu yake akakuta glavu zimeshatangulia. Alilinganisha neno kwa neno, akitafuta kosa kwa hamu, asilipate.

Muuguzi akataka kuijaribu mashine yenyewe. Tukashuka naye karakanini, akawasha mashine ya majaribio, akayafungulia maelekezo ya sauti, akavaa glavu, akasubiri geji. Mafundi waliacha kazi zao wakatuzunguka. Sifuri ilipofika alifungua kifuniko mwenyewe, kwa mkono ule ule ulioungua, na hakuna kilichomgusa. Vigelegele vilivyopigwa hapo sijapata kuvisikia hata harusini. Alisubiri tunyamaze, ndipo akamwambia mkaguzi, "Zirudisheni wodini. Leo hii."

Nisalimie wifi na watoto. Kaka mkubwa anakusalimu, na mama kasema nisisahau kukwambia anakuombea. Mungu akupe afya, akuongoze njia zako, na akurudishe kwetu salama.

Mimi wako, ninayekupenda na kujivunia kuwa damu yako,

Binti wa shangazi yako.