Mngoni Halisi na Mpangaji Wangu

Jumatatu, 2 Oktoba 1995
Kajetani, mwanangu wa kwanza, anagombea udiwani. Kaja na gari la kuazima, hata shikamoo imemkauka mdomoni. Eti mtaa wetu huu wa Bombambili ni wa Wangoni halisi, waliotoka kusini na ngao. Wengine wakuja tu. Kwa hiyo Zabibu, mpangaji wangu, Myao wa Namasakata, ahame kabla ya Jumamosi — wazee wa kampeni wasimkute uani.
Zabibu! Miaka kumi na nane chumba kile! Nilipougua alinifulia hadi shuka za aibu. Nimemwambia Kajetani atangulie kuhama yeye.

Jumanne, 3 Oktoba
Zabibu kasikia. Kasimama mlangoni: Mama Kajetani, Wangoni mmerudia kazi yenu ya kuteka watu? Nikamjibu mtani wangu: Afadhali sisi tuliteka, nyie Wayao mliuza! Kaa, ugali umeiva.
Kacheka. Lakini hakumaliza tonge. Baadaye namwona anakunja nguo.

Alhamisi, 5 Oktoba
Kajetani kavaa ngozi ya chui. Ya ukoo, anasema! Nimeishika. Blauzi ya kike, ya mtumba, vifungo vimekatwa. Kainunua sokoni, meza ya mitumba ya Zabibu huyohuyo, na punguzo kaomba!
Anataka Jumamosi nisimame mbele ya wazee niutaje ukoo wa baba yake, baba hadi baba, mpaka huko kusini. Wakubwa wengine wamekufa, nimebaki mimi. Nikamwuliza: Unataka ukweli au udiwani? Akasema, Mama, usinitanie.
Sitanii. Mama mkwe alinisimulia yote. Babu wa mume wangu alikuwa Mndendeuli wa hapahapa, katekwa na Wangoni shambani akipalilia mtama. Kabebeshwa mzigo, kapewa na jina la ukoo wa Kingoni. Ndiyo kusini yetu hiyo!

Jumamosi, 7 Oktoba
Wazee wamejaa uani, wote halisi! Nusu yao nawajua mama zao — Wanyasa, Wamatengo, mmoja Mbena kabisa.
Zabibu kafunga mizigo. Naandika nimekalia furushi lake, asiondoke. Kajetani anaita: Mama, wazee wanangoja!
Nimwaibishe mtoto niliyemzaa? Zabibu ananinong'oneza, we danganya tu Mama, mimi nitapata chumba kwingine. Na huyu ndiye mgeni!
Nimemwambia anishike mkono, magoti yangu hayashuki ngazi peke yake. Anasema wataniona naye. Nikasema waone, na ukweli wausikie.
Anatafuta kandambili zake —