Maji ya Ng'ombe wa Shemeji

Kasense, Jumapili

Na bado wananicheka! Mkutano wa kijiji umekwisha tangu mchana, lakini masikio yangu bado yanawaka.

Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa, shemeji Deo, mdogo wake mume wangu, anapandisha ng'ombe kutoka bonde la Mtowisa, anawanenepesha kwenye mteremko wetu, kisha anawachinja. Nyasi zimekwisha. Mvua ikinyesha, udongo wote unateremkia kwenye chemchemi. Nilichosema ni kwamba tupunguze kula nyama, tule maharage yetu, ng'ombe wapungue na mteremko upumzike.

"Shemeji, unataka tule kama wafungwa?" Deo akadakia.

Wanaume wakaangua kicheko, mume wangu akiwa wa kwanza kucheka. Mwenyekiti, ambaye hupelekewa maini kila ng'ombe anapochinjwa, akafunga mkutano.

Jioni Deo akaja na nyama kwenye sufuria, eti yaishe. Mshenzi yule! Nikaikataa. Akaomba maji ya kunywa. Nikamchotea yale ya chemchemi niliyoteka asubuhi, bila kuyachuja, nikampa kwa mikono miwili.

Akatazama ndani ya kikombe. Tope, na kinyesi cha ng'ombe.

"Watoto wanakunywa haya?"

"Kila siku, shemeji."

Akayamwaga uani, akachukua sufuria yake, akaondoka bila kuaga. Nilidhani nitafurahi. Lakini mwanangu Maria anaharisha siku ya tatu sasa, na sina maji mengine ya kumchemshia.