Rangi Nyekundu Chini Kabisa

Mume mwenzangu Shabani,

Marahaba. Kutoka hapa Mzenga mpaka huko kwenu Kibaha, hakuna binadamu anayeyajua mabehewa ya abiria kama mimi babu yako, na shule niliishia darasa la nne. Bibi yako mzima, anauliza kama unakula au unakata maboksi tu.

Unataka kujua hilo behewa lako la maboksi, la kuigiza lile la daraja la tatu la zamani, ulipake rangi gani. Nashuku umeshawauliza wengine kabla yangu.

Ujanani nami nilichonga la mbao. Mzee Kondo, fundi rangi mstaafu wa karakana ya reli, akaniambia, "Juu maziwa, chini kahawia." Sikumwamini. Mwanawe naye alikuwa anachonga lake, nikajua ananipoteza makusudi ili la mwanawe lilishinde langu.

Nikaenda kukwangua kwa kisu behewa bovu lililotelekezwa kando ya reli. Ikatoka bluu, ikatoka kahawia, chini kabisa nyekundu. Nikasema ya chini ndiyo ya zamani. Nikapaka langu lote jekundu, nikampelekea Mzee Kondo barazani kwake, mbele ya wanawe.

Nikamwambia, "Mzee, umeanza uongo uzeeni."

Akaligeuza mkononi. "Hiyo ni ya kuzuia kutu, mwanangu. Inatangulia kupakwa, abiria hawaioni."

Basi paka maziwa na kahawia. Ukinishuku, sitanuna. Mzee Kondo naye hakununa, alinikaribisha chai. Niliondoka bila kuinywa, na mpaka anazikwa sikumwomba radhi.