Kianti na Ahadi ya Mama

Bur Dubai,
Jumapili, 9 Novemba

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakuambia kila kitu bila kuficha, hata kwamba Mama hajui ninakuandikia. Sikupiga simu kwa sababu wewe huiweka kwenye spika na Marangu nzima husikia. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Sisi ni wazima. Baba bado anapakia mizigo kule Deira, na mimi shuleni nimekuwa wa nne.

Habari yenyewe ni hii. Mama bado ni mhudumu katika mgahawa wa Kiitaliano huko Jumeirah Lake Towers, na hurudi nimeshalala. Sasa imetokea nafasi ya msimamizi wa zamu ya mchana. Akiipata, tutakula chakula cha jioni pamoja. Lakini madam, bosi wake, anataka msimamizi anayejua mvinyo. Amemwanzishia mmoja mwekundu unaoitwa Kianti, wa vilima vya Toscana, Italia, aeleze unafaa kwa chakula gani. Na Mama hajawahi kuuonja, kwa sababu alikuahidi siku ya kuondoka kwamba hatakunywa pombe ugenini.

Auntie Wanjiku, Mkenya anayefanya naye kazi, humtania: "Haiya, mlokole wetu! Utauzaje kitu hujaonja?"

Mama alileta maelezo kwenye daftari: ni mchachu, unakausha ulimi, unapenda nyama. Tukaamua kuitafuta ladha yake jikoni kwetu. Nilichemsha chai ya rangi, kali sana, bila sukari, nikaiacha ipoe, nikatia ukwaju. Kwanza tuliinywa na dagaa. Mdomo ulijaa uchungu, Baba akakimbilia sinki. Kwa mchuzi wa pilipili, ulimi ulizidi kuwaka. Lakini kwa mbavu za mbuzi zenye mafuta, kila funda lilisafisha mdomo mpaka ukatamani kipande kingine. Mama akapiga meza.

"Khalas, basi, nimeelewa! Hii inafanya kazi ya kachumbari kwenye nyama choma."

Alhamisi alisema hivyohivyo mbele ya madam na mpishi mkuu, mzee wa Kiitaliano asiyecheka ovyo. Walimuuliza kuhusu samaki, akakataa. Walimuuliza kuhusu nyama ya kuchoma, tambi za mchuzi wa nyanya na jibini ngumu, akakubali zote na kueleza sababu. Yule mzee alicheka hadi akavua kofia. "Kachumbari! Nimepika tangu ujana wangu, sijawahi kuelezwa hivi."

Kisha madam akaweka glasi mbili mezani. Alisema baadhi ya chupa huharibika, na msimamizi lazima azitambue kabla ya mgeni. "Onja, uniambie ipi ni mbovu."

Mama akasema, "Samahani madam, nilimwahidi mama yangu."

Madam hakukasirika. Alimweleza kwamba waonjaji hawamezi. Huuzungusha mvinyo mdomoni, huutema kwenye ndoo, husukutua kwa maji. Amempa wiki tatu afikirie.

Nilimwambia Mama akuulize, akakataa. "Bibi yako ameumizwa na pombe vya kutosha," alisema, akaendelea kukunja sare yake. Najua alikuwa akimfikiria marehemu Babu, na mimi sitaki kukuumiza. Lakini jana, akinisuka, alinisimulia kwamba ulipokuwa ukipika mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuuza ili yeye asome, ulionja kila pipa na kutema kwenye migomba, na kwamba watu walitoka mbali kwa sababu mbege yako haikuwa mbovu hata siku moja. Alisimulia kwa fahari, Bibi. Nadhani hakusikia alichokisema, lakini mimi nilisikia, na sikulala mapema.

Nisalimie Mama Mdogo anayekukamulia ng'ombe, Mjomba fundi cherehani, na mwalimu wangu wa Kiswahili; mwambie bado nasoma barua yangu mara mbili kabla ya kuifunga. Hii anakuletea Mama Rehema, jirani yetu hapa. Atarudi Dubai baada ya wiki mbili. Tafadhali mpe jibu mkononi, kwa mwandiko wako, nimsomee Mama. Ukisema hapana, nitamsomea hivyohivyo.

Swali langu ni moja tu: ulipokuwa ukionja mbege na kuitema, Bibi, ulihesabu kwamba umekunywa?

Mjukuu wako akupendaye,
Aikande